Ng'ombe Hagomi Bure

Ninyi mnaopita mbele ya kibaraza changu hapa Tunduma kila asubuhi, mmoja anawahi forodhani, mwingine anawahi abiria wa pikipiki, nawatazama nyuso. Zamani nilitazama nyuso za ng'ombe kwa namna hiyo hiyo, msinune. Juzi mjukuu wangu Neema alikuja kukaa nami. Amehamishwa kituo cha kazi, ameachana na mchumba wake, na tangu hapo hapati usingizi. Moyo unamwenda mbio hata akiwa anaosha vyombo. Akaniuliza, "Babu, ninyi zamani mlikuwa na wasiwasi, au ni ugonjwa wa siku hizi?" Nilicheka mpaka nikakohoa, halafu nikaona aibu, maana mtu ambaye hajalala hachekwi. Jibu nililompa lilikuwa refu, naye akaniomba niliandike ili na wengine mlisome.

Sikusomea mambo ya moyo wa binadamu. Nilichonacho ni miaka mingi niliyotembea nyuma ya mikia. Kazi yangu wakati wa Mwingereza ilikuwa kuswaga ng'ombe. Malori yalikuwa machache, kwa hiyo nyama ilikwenda sokoni kwa miguu yake yenyewe. Tajiri wetu, mnunuzi wa mifugo, alinunua ng'ombe kule bonde la Momba, tukawakusanya hapa Tunduma, kisha tukawapandisha Mbozi, tukapita Mlowo, tukavuka mto Songwe na kuwafikisha Mbeya. Wengine waliendelea mpaka machimbo ya dhahabu ya Lupa, ambako wachimbaji walikula nyama kama watu wasioijua kesho.

Mkuu wetu wa safari alikuwa Mzee Lazaro, Mnamwanga mfupi mwenye matege, aliyeongea na ng'ombe kwa mluzi na kuongea nasi kwa matusi. Mengi ninayoyajua yametoka kwake. Usimnyweshe ng'ombe anayetweta mpaka apumue. Mpitishe pembeni mwa barabara, kwenye majani, changarawe isimle kwato. Usitembee nyuma yake sawasawa kwa sababu hakuoni, na asichokiona anakidhania kibaya. Tembea usawa wa bega lake. Na kamwe usianike shati lako lenye jasho karibu na kundi. Ng'ombe hupenda chumvi, nami niliwahi kuingia Mbeya na mikono ya shati tu, mgongo wake ukiwa tumboni mwa fahali mmoja wa Msangano.

Lakini somo kubwa nililipata Mlowo. Tulikuwa tunapita kwenye maduka machache yaliyokuwapo siku hizo, kundi likasimama ghafla. Wa mbele wamepanua pua, wa nyuma wanawapanda wenzao migongoni. Mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu na fimbo mpya. Nikawachapa wa nyuma. Wakageuka wakanipitia, wakaingia kwenye bustani ya maharage ya mama mmoja, na mimi nikabaki nimekaa kwenye mtaro nikijihesabia mbavu.

Mzee Lazaro hakuja kunitazama. Alikwenda mbele ya kundi, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya ng'ombe kiongozi, akatazama kule alikokuwa anatazama. Kwenye baraza la fundi cherehani kulikuwa kumetundikwa gauni jeupe la harusi, upepo unaliingia linafura na kunywea. Akanyanyuka, akaenda kwa fundi, akavua kofia.

"Fundi, ng'ombe wangu wanaomba bibi harusi aingie ndani kidogo."

Gauni likaingizwa, ng'ombe wakapita wakicheua. Ndipo akanijia pale mtaroni. "Ng'ombe hagomi bure," akaniambia. "Ameona kitu. Wewe unapiga matako, kitu kiko mbele ya macho. Nenda mbele, inama, tazama anachokitazama yeye. Kama huwezi kuinama, katafute kazi ya ukarani."

Tangu siku hiyo nimeinama mara nyingi sana. Kwenye daraja jipya la mbao ng'ombe waligoma kwa sababu waliona maji yakimeta katikati ya mbao chini ya kwato zao. Tulitandaza majani na udongo juu yake, wakavuka. Na mara moja, kwenye vichaka vya kushukia Songwe, tuliinama tukatazama, tukaona chui. Mzee Lazaro akasema twende njia nyingine, upesi. Nawaambia hili la chui ili msije mkadhani kila hofu ni upumbavu wa kutibiwa. Nyingine ni akili, na dawa yake ni kubadili njia. Kazi ni kujua ipi ni chui na ipi ni gauni.

Sasa niwaeleze habari ya kaka yangu Anania, maana kwake ndiko nilikojua kwamba na mtu huwa hivyo.

Anania alinitangulia kuzaliwa. Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo, na aliyetulea ni shangazi yetu Tabita, dada wa baba, mjane asiye na mtoto. Nyumba yake ilikuwa uani kwetu, hatua chache kutoka kwa Anania. Ujanani Anania alivuka mpaka akaenda kwenye migodi ya shaba, akamaliza mkataba mmoja, akarudi na blanketi na baiskeli. Hakutaka kurudi tena kule. Akaingia kazi yetu ya kuswaga, na sijaona mtu aliyeipenda kama yeye. Alilala nje hata mvua ikinyunya. Tukipewa chumba cha kupumzikia njiani, yeye alichukua blanketi lake akaenda kwa ng'ombe. Tulimtania kwamba ana mke mwenye pembe.

Baada ya vita kubwa tajiri alinunua lori. Akatuita akatuambia waziwazi kwamba ng'ombe watakwenda kwa gari. Atakayekubali kupanda nao nyuma na kuwatuliza atabaki na kazi, asiyekubali apewe haki yake aende akalime. Mzee Lazaro alisema miguu yake haijazoea kubebwa, akaenda kukaa kwake karibu na Mlowo. Mimi na Anania tulibaki. Shangazi Tabita aliposikia alikasirika. Hakuamini chombo kisicholishwa majani. Asubuhi ya safari ya kwanza alimpa Anania togwa kama alivyompa kabla ya kila safari tangu tukiwa watoto, akasema, "Lori hilo litawameza, nyie." Walikuwapo watu waliosikia.

Tulipakia ng'ombe vizuri. Anania alipanda, akawafunga, akawasemesha. Kisha dereva akainua lango la nyuma la chuma akalibamiza, komeo likaingia. Nilikuwa juu ya bodi, nikamwona kaka yangu akibadilika. Alifungua kinywa kama samaki, jasho likamtoka, akashika kifua. Akaruka ubavuni mwa lori akaanguka, akanyanyuka, akakimbia mpaka katikati ya shamba la ulezi. Vibarua walicheka. Mimi sikucheka, maana nilimjua Anania. Aliwahi kumtoa fisi kwenye kundi kwa kumtupia kiatu.

Alijaribu tena safari iliyofuata, ikawa vile vile. Kisha jambo lile likamfuata nyumbani. Mkewe akifunga mlango, pumzi inamkata. Jumapili kanisani mzee wa kanisa alifunga mlango kwa sababu ya baridi, Anania akatoka akikanyaga miguu ya watu wakati wa sala. Akawa halali usiku, hali chakula, anakaa mlangoni akitazama njia. Zahanati walimsikiliza kifua wakasema kiko sawa, na kwa kifua walisema kweli.

Mnajua kilichofuata. Mtu mzima, mwenye nguvu, anaishiwa pumzi ghafla, na asubuhi hiyo alikunywa togwa ya mwanamke mjane aliyesema lori litawameza. Shemeji yangu, mke wa Anania, alilitaja kwanza neno uchawi kwa sauti ya chini kisimani, na kufikia jioni kila mtu alikuwa amelijua. Tulikuwa Wakristo, tuliimba na kusali kama ninyi, lakini hofu ikiingia nyumbani hutafuta mtu wa kumkalia, na kwa kawaida humkalia asiye na mume wala mtoto wa kumtetea.

Baba mdogo, mkubwa wa ukoo, akaita kikao. Alisema shangazi aondoke, arudi kwa ndugu za marehemu mumewe ng'ambo ya mpaka, ambako hakuna aliyemjua tena isipokuwa kwa jina. Nikamwuliza, "Baba, unamchukia dada yako?" Akajibu, "Simchukii, mwanangu. Namwogopa. Na nikiogopa sijui kufanya lingine." Nimekutana na watu wengi wenye shahada ambao hawajawahi kujisema hivyo.

Shangazi hakubishana. Alikwenda kufunga nguo zake kwenye kanga, akaketi mlangoni mwake na furushi mapajani. Anania alipita mbele yake akainamisha kichwa. Alimpenda, lakini naye alikuwa ameanza kusadiki, na hapo ndipo nilipoona uchungu wa jambo lile. Nikamwomba baba mdogo asubiri mpaka nirudi safari. Akakubali kwa shida.

Tajiri alikuwa na ng'ombe wachache wadhaifu ambao hawakufaa kupakiwa. Nikaomba niwaswage kwa miguu mpaka Mlowo, na Anania awe nami. Barabarani, penye uwazi, alikuwa mzima kabisa. Alipiga mluzi, alikula, alilala fofofo chini ya nyota. Nilifurahi na nikachanganyikiwa pia, kwa sababu kama ni sumu ya togwa, mbona inapumzika?

Tukafika kwa Mzee Lazaro. Akatukaribisha ugali wa ulezi na maharage, tukala, kisha nikamweleza yote. Akamgeukia Anania.

"Uligomea wapi?"

"Sikugoma, mzee. Niliumwa."

"Sawa. Uliumwa wapi? Ulipokuwa unapanda?"

"Hapana. Nilipanda vizuri."

"Ulipokuwa unawafunga?"

"Niliwafunga vizuri."

"Kabla ya kuumwa, masikio yako yalikuwa upande gani?"

Anania akakasirika. "Mzee, kwani mimi ni ng'ombe?"

"Ungekuwa ng'ombe tungekwishamaliza," Mzee Lazaro akasema. "Ng'ombe hafichi anachokitazama. Masikio, wapi?"

Anania akasema ni lango. Lilipofungwa, ile sauti ya komeo la chuma likiingia. Mzee Lazaro alinyanyuka, akaenda kufungua mlango wa nyumba mpaka mwisho, akauwekea jiwe usijifunge, akarudi kukaa. Baadaye nilijua hicho ndicho kilichomfungua kaka yangu kinywa.

Akatuambia habari za kule migodini ambazo hakuwahi kumwambia mtu. Watu hushushwa shimoni kwa kizimba cha chuma, wamebanana, lango linabamizwa na komeo linaingia. Siku moja kizimba kilikwama katikati. Taa zikazimika. Maji yanadondoka, hakuna anayejua kama kamba itashika. Pembeni yake mzee mmoja alimwita Lesa, ndivyo Wabemba wanavyomwita Mungu, akaita mpaka sauti ikaisha. Walitolewa wote wazima, na kesho yake wakashushwa tena. Anania alimaliza mkataba wake akishuka kila siku, na hakuna aliyemwona akitetemeka.

"Kwa nini hukutuambia?" nikamwuliza.

"Nani alirudi migodini akasimulia hofu?" akasema. "Mlitaka blanketi. Niliwaletea blanketi."

Ni kweli, tulilitaka blanketi. Ndipo nikaelewa kwa nini alilala na ng'ombe nje, kwa nini aliipenda kazi isiyo na mlango. Kwa miaka ile yote alikuwa amejitafutia njia isiyopita penye lile gauni, na njia ilimfaa vizuri. Kisha maisha yakabadilika, kama yanavyobadilika kwenu, likaja lori na komeo lake. Mabadiliko hayakumletea hofu mpya. Yalimrudisha alipokuwa ameikwepa ile ya zamani. Neema, hapo ndipo nilipotaka ufikirie habari ya kuhamishwa kwako, na nani alikuhamisha kwanza, ukiwa na umri gani.

Mzee Lazaro akatupa dawa yake, nayo ilikuwa ile ile ya kumzoesha ng'ombe gari. Humsukumi. Unaliacha gari limezimwa, lango liko chini, unatandaza majani. Anapanda mwenyewe, anashuka mwenyewe. Siku akishuka mapema humchapi. "Na lango," akasema, "alifunge mwenyewe. Asifungiwe na mtu."

Tulifanya hivyo uani kwa tajiri, lori likiwa halina safari. Anania alikaa nyuma akivuta kiko chake. Baada ya muda akawa anainua lango kidogo na kulishusha. Dereva, kijana mcheshi wa Ileje, alilipaka grisi komeo ili lisipige kelele, kisha akaamua kuling'oa kabisa na kutumia kamba. Kaka yangu alijifunza kuhesabu pumzi polepole huku amekaza macho kwenye milima ya Mbozi juu ya bodi. Siku alipofika Mbeya nyuma ya lori mara ya kwanza, alishuka akatapika, akaomba chai. Tukaona ni ushindi. Hakupona kabisa, nisiwadanganye. Mpaka uzee wake aliketi karibu na mlango. Lakini alifanya kazi, akala, akalala, akacheka.

Kumbe nimemruka shangazi. Tuliporudi kutoka kwa Mzee Lazaro, Anania mwenyewe alisimama mbele ya kikao akasimulia kizimba chote, yeye aliyeficha kwa miaka. Aliona haya mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akamaliza kwa kusema, "Hofu hii nilikuja nayo kutoka ng'ambo. Shangazi hakunipa." Shemeji akalia. Baba mdogo akanyanyuka, akaenda mlangoni kwa dada yake, akalichukua lile furushi akaliingiza ndani kwa mikono yake mwenyewe. Tulidhani yamekwisha.

Hayakwisha kwa shangazi. Ninyi mnajua desturi, mgeni asiyefahamika ukimpa kinywaji unaonja kwanza mbele yake, aone hakina kitu. Ndugu haonjewi, ni kama kumtukana. Tangu siku ile Shangazi Tabita alionja kila kitu. Uji wa watoto, mboga, maji ya kunywa. Alimpa Anania kikombe baada ya kukinywea funda na kumwonyesha kinywa. Nasi kwa aibu tukazidisha kumsifu. Chakula chake chote kikawa kitamu, hata kilichoungua. Tulimsemesha kwa upole kama mgonjwa, naye akazidi kusinyaa. Tulikuwa tumeitoa hofu kifuani kwa Anania na kuiacha kwake, na hatukujua namna ya kumfungulia lango.

Ilikuwa kiangazi, Anania amerudi safari na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Shangazi akamimina togwa kwenye kikombe cha bati, akakiinua kinywani mwake kama kawaida. Anania akamshika kifundo cha mkono.

"Usionje, shangazi. Lete."

"Mwanangu, ngoja kwanza."

"Lete, nina kiu."

Akakichukua akanywa chote, kichwa kimelala nyuma, bila kupumzika. Shangazi alimtazama koo mpaka tone la mwisho. Mikono yake haikujua pa kukaa. Akamwuliza kwa sauti ndogo, "Ikoje?"

Sisi wote pale uani tulikuwa tayari kusema tamu. Anania akafuta mdomo.

"Imechachuka," akasema. "Nipe nyingine."

Shangazi yangu, ambaye kwa muda mrefu hakuwa ameinua sauti juu ya mtu yeyote, akashika kiuno.

"Imechachuka? Unachelewa Mbeya kutwa nzima, halafu togwa ikungoje wewe? Kwani wewe ni nani, mkuu wa wilaya?"

Akamimina kikombe cha pili huku anamgombeza, akampa moja kwa moja mkononi, na hakuonja.